Kipimo Kifike Kisimani

Hotuba kwa wakazi wa Mombasa kuhusu udhibiti wa kemikali katika maji ya kunywa

Assalaamu alaykum wazee wetu, kina mama na ndugu zangu nyote. Na kwa wale ambao salamu yao ni nyingine, hamjambo. Nawashukuru maafisa wa afya ya umma waliofika, walimu, na vijana wa mikokoteni ambao wameacha kazi ya asubuhi, saa ambazo mtungi huuzika zaidi, ili waje kusikiliza habari za maji wanayoyasukuma kila siku. Nimefanya kazi katika maabara ya maji kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimeombwa nieleze jinsi kemikali zinavyodhibitiwa katika maji ya kunywa, na nitafika kwenye sheria na viwango, lakini kwanza tupite kisimani.

Mji huu umesimama juu ya jiwe la matumbawe. Jiwe hilo limejaa matundu na nyufa, na ndiyo sababu mvua ya masika ikishapita, mahali pengi uwanja hukauka upesi: maji yameshazama. Njia inayozamisha maji ya mvua ndiyo inayozamisha maji ya vyoo. Nyumba zetu nyingi, Kisauni na Likoni, Mishomoroni na Mtongwe, hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Kila nyumba ina shimo la choo au karo lake, na hatua chache kutoka hapo kuna kisima, cha nyumba hiyo au cha jirani. Udongo mnene ungeyachelewesha maji hayo na kuyachuja kidogo kidogo. Matumbawe yenye nyufa huyapitisha tu.

Simlaumu aliyechimba kisima. Maji ya Mzima yamekuwa yakisafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo kuja kwetu tangu miaka ya 1950, yakaongezwa ya Marere, ya Tiwi na ya Baricho, na bado zipo mitaa ambayo mfereji hukauka siku kadhaa mfululizo. Mama ambaye mfereji wake hautoi maji hawezi kuambiwa asubiri Bwawa la Mwache likamilike. Atateka kisimani, au atanunua kwa boza ambalo hajui limejazwa wapi. Kwa hiyo kisima, katika mji huu, si jambo la pembeni linalongojea kufutwa na maendeleo. Kisima ni sehemu ya mfumo wetu wa maji, na udhibiti wowote unaokiruka umewaruka watu wengi sana.

Kemikali inayonitia hofu zaidi visimani kwetu ni nitrati. Haina rangi, haina harufu, wala haibadilishi ladha kwa kiasi ambacho ulimi wa mtu utatambua. Hutokana na mkojo na kinyesi: bakteria wa ardhini huigeuza amonia iliyomo kuwa nitriti na kisha nitrati, nayo nitrati huyeyuka na kwenda na maji popote yaendako. Wengi wetu tumefundishwa, na ni mafundisho mema, kwamba maji ya kisima yachemshwe. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Nitrati haiuawi kwa moto kwa sababu si kitu chenye uhai. Sufuria ikichemka muda mrefu, maji hupungua kwa mvuke na nitrati iliyobaki huwa nzito zaidi katika maji machache. Klorini nayo haiiondoi. Nawaomba kina mama mlishike hili hata mkisahau mengine yote nitakayoyasema leo.

Anayedhurika kwanza ni mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo. Mwaka 1945 daktari mmoja wa Iowa, Marekani, aitwaye Hunter Comly, alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya samawati baada ya kunyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya visima vya mashambani. Tumboni mwa mtoto wa miezi michache nitrati hugeuzwa nitriti kwa urahisi, na nitriti ikiingia katika damu huibadilisha ile chembe inayobeba oksijeni hata isiweze kuibeba tena. Mtoto hupumua, mapafu yake ni mazima, lakini hewa haimfikii. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji kwa ajili ya kumlinda mtoto huyo.

Miaka mingi iliyopita alikuja maabara mama mmoja na chupa ya soda iliyojaa maji ya kisima. Hakutumwa na mtu. Alikuwa na mjukuu mchanga nyumbani, mamake mtoto alikuwa ameanza kazi, na yeye bibi alikuwa na wasiwasi ambao hakuweza kuueleza. Maji yalikuwa maangavu kama kioo. Nilipoyapima nitrati ilikuwa imepita kiwango, wala si kwa kidogo. Nilimweleza asimkorogee mtoto maziwa kwa maji yale, akashukuru akaenda zake. Lakini kisima kile kilikuwa kikitekwa na nyumba nyingi, nami nikaandika barua kwa ofisi iliyohusika, nikaambatanisha karatasi ya majibu, nikangoja. Nilipouliza niliambiwa kwamba kisima ni cha mtu binafsi na ofisi haina mamlaka nacho. Nikaandikia ofisi ya pili. Nayo ikasema suala la afya si lake. Ile karatasi ilikaa ndani ya faili. Maji yalikuwa yamepimwa, kiwango kilikuwapo, sheria ilikuwapo, na bado watu waliendelea kuteka pale asubuhi iliyofuata bila kujua lolote. Jambo hilo halijaniondoka moyoni hadi leo, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Sasa tuje kwenye viwango vyenyewe, maana watu hudhani kiwango ni mpaka uliochorwa na maumbile, kwamba upande huu ni salama na upande ule ni sumu. Sivyo kilivyo. Kwa kemikali nyingi, wataalamu hutafuta kwanza kiasi ambacho hakikuleta madhara kwa wanyama wa maabara au kwa watu waliochunguzwa. Kiasi hicho hugawanywa, mara nyingi kwa 100: 10 kwa sababu binadamu si panya, na 10 nyingine kwa sababu binadamu wenyewe hawafanani, yupo mgonjwa, yupo mjamzito, yupo mzee. Kisha hukadiriwa sehemu gani ya kemikali hiyo itaingia mwilini kwa maji na sehemu gani kwa chakula na hewa. Mwisho huchukuliwa mtu wa mfano: katika hesabu za Shirika la Afya Duniani ni mtu mzima wa kilo 60 anayekunywa lita 2 kwa siku.

Hebu mfikirieni mtu huyo wa lita 2. Je, ndiye hamali wa Kilindini anayebeba magunia saa saba za mchana mwezi wa Februari? Ndiye kijana wa mkokoteni anayepandisha mitungi kumi ya lita 20? Watu hawa hunywa zaidi ya lita 2, na kila kilichomo majini hukinywa zaidi. Shirika lenyewe linakiri jambo hili kuhusu floraidi: kiwango chake ni miligramu 1.5 kwa lita, lakini linazishauri nchi zitazame hali ya hewa na kiasi cha maji ambacho watu wao hunywa kabla ya kuweka kiwango chao. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba kiwango ni kiwango na mjadala umekwisha, mjue hajasoma hadi mwisho.

Kiwango pia hubeba ndani yake uwezo wa nchi. Wenzetu wa Tanzania wana maji yenye floraidi nyingi sana upande wa Arusha na Kilimanjaro, kama sisi tulivyo nayo Bonde la Ufa, ambako meno ya watu hubadilika rangi tangu utotoni na wengine mifupa yao hupinda. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 za floraidi kwa lita, si kwa sababu wataalamu wake hawakujua kwamba ni nyingi, bali kwa sababu kufunga vyanzo vyote vilivyozidi 1.5 kungewaacha watu bila maji kabisa. Uamuzi ule ulikuwa mgumu na sithubutu kuucheka. Kiwango kilishushwa baadaye kadiri uwezo ulivyokua. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba kiwango ni uamuzi wa watu, na kinapoamuliwa, mnywaji ana haki ya kuambiwa kimeamuliwa kwa hoja gani.

Kuhusu risasi, ile metali itumiwayo kwenye betri, hoja ni nyingine kabisa. Kwa risasi hakuna kiasi kilichopatikana ambacho mtu anaweza kusema hakimdhuru mtoto. Kiwango cha mikrogramu 10 kwa lita, ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kuwa cha muda, kimebaki kwa sababu ni vigumu kushuka chini yake kwa mabomba yaliyopo. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2020, umeamua kushuka hadi mikrogramu 5 ifikapo 2036. Risasi kwa kawaida haitoki kwenye chanzo cha maji. Hutoka kwenye mabomba ya zamani, kwenye viungo vilivyolehemiwa na kwenye mifereji ya shaba, na maji yaliyolala bombani usiku kucha ndiyo huichukua zaidi. Mjini Flint, Marekani, mwaka 2014, chanzo cha maji kilibadilishwa bila kuwekwa dawa ya kuzuia mabomba yasilike, na risasi ikaingia majumbani mwa watu ambao kwa miezi mingi waliambiwa kwamba maji yao hayana neno.

Lakini kwa nini niwapeleke Flint na hali tunayo Owino Uhuru? Hapa hapa, kando ya barabara kuu ya kutoka mjini, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014 katikati ya makazi ya watu. Moshi wake ulitua juu ya mabati, na majitaka yake yakapita kati ya nyumba. Bati likishapata vumbi la risasi, maji ya mvua yanayokingwa chini yake si yale yaliyotoka mawinguni. Phyllis Omido, ambaye alifanya kazi kiwandani humo na mwanawe akapatikana na risasi mwilini, aliongoza wenzake kudai haki. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3; Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023; na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabuni wenyewe kutoka 2007 hadi 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17 mahakama iliposema neno la mwisho, na ubongo wa mtoto hauwezi kukatiwa rufaa.

Naheshimu sana ushindi ule. Hata hivyo mahakama hulipa baada ya madhara, na udhibiti kazi yake ni kuyatangulia.

Kuna jambo moja ambalo ni lazima niliseme hapa lisije likapotoshwa. Mwaka 1974 mkemia Johannes Rook wa Rotterdam alionyesha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya mimea majini huunda kemikali nyingine, ikiwemo klorofomu, na tangu hapo kemikali hizo nazo zimewekewa viwango. Nimesikia watu mitaani wakiitumia habari hii kusema kwamba klorini ni sumu na afadhali maji yasitiwe dawa. Ndugu zangu, huu ni mji ambao kipindupindu kimeurudia mara nyingi. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba kuua vijidudu kusipunguzwe kwa ajili ya kuogopa kemikali hizo. Anayeacha klorini kwa hofu hiyo amekimbia hatari ya miaka mingi akaikumbatia ile inayoua kwa siku moja.

Nirudi kwenye sheria. Marekani ilitunga Sheria ya Maji Salama ya Kunywa mwaka 1974. Kwa kila kemikali huwekwa lengo la kiafya, ambalo kwa risasi ni sifuri, na kando yake kiwango au sharti la lazima ambalo huangalia pia gharama na ufundi uliopo. Viwango hivyo husogea: aseniki, ambayo ni sumu, iliruhusiwa hadi mikrogramu 50 kwa lita kwa zaidi ya nusu karne, ikashushwa hadi 10 mwaka 2001, na agizo hilo likaanza kutekelezwa 2006. Kinachonivutia mimi zaidi ni marekebisho ya mwaka 1996, yaliyolazimisha kila kampuni ya maji kumpelekea mteja wake taarifa kila mwaka inayomweleza maji yake yametoka wapi, yamepatikana na nini, na kiwango ni kipi. Matokeo hayo humfikia mteja nyumbani kwake bila yeye kuyaomba. Ila sheria hiyo nayo ina tundu: mfumo unaohudumia watu wasiofika 25 na wenye maunganisho yasiyofika 15 haumo, na visima vya watu binafsi vimeachwa nje. Kwao huenda ni tundu dogo. Sisi tukiiga bila kufikiri, tundu hilo litameza mitaa mizima.

Kwetu, Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kiasi cha kutosha. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali, na cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili anufaike na bidhaa au huduma. Kiwango cha maji ya kunywa tunacho pamoja na wenzetu wa Afrika Mashariki, na Shirika la Viwango la Kenya ndilo linalokisimamia hapa. Mamlaka ya Rasilimali za Maji hutoa vibali vya kuchimba, Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji husimamia kampuni za maji, NEMA husimamia mazingira, na kaunti ina huduma ya maji na afya ya umma. Wazee wetu walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na ile karatasi yangu ya nitrati ilikwenda mrama kwa namna hiyo hasa.

Ninachokidai ni kwamba majibu ya vipimo yafuate maji hadi mahali yanapotekwa. Kila kisima kinachouza maji au kinachotekwa na zaidi ya nyumba moja kipewe namba na kaunti, kipimwe nitrati na chumvi angalau mara mbili kwa mwaka, kiangazi na baada ya masika, kwa sababu mvua huyabadilisha maji ya matumbawe katika siku chache. Vipimo hivi ni vya bei nafuu na havihitaji mitambo mikubwa. Risasi, aseniki na metali nyingine huhitaji mashine ya ghali na fundi aliyesomea, basi hizo zipimwe kwanza karibu na viwanda, gereji za betri na majaa ya taka, si kila mahali kwa wakati mmoja. Kemikali za povu la kuzimia moto, ambazo Marekani ilizitungia kiwango mwaka 2024, ziingizwe katika orodha ya kupimwa kando ya viwanja vya ndege na matangi ya mafuta, nasi vyote viwili tunavyo. Kila boza libebe kibandiko kinachotaja lilikojaza maji na tarehe.

Na majibu yabandikwe kisimani penyewe, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa, yakitaja kipimo kwa namna moja. Nasema hivi kwa sababu nimeona maafisa wakichanganyikiwa: maabara moja huandika nitrati nzima, nyingine huandika naitrojeni iliyomo peke yake, na maji yaleyale yakatoka 44 huku na 10 kule. Mama aliyeshika karatasi ya 10 akiilinganisha na kiwango cha 50 atadhani yuko salama sana, kumbe yuko ukingoni.

Sitaki visima vifungwe kwa pupa. Kisima kilichozidi nitrati bado kinafaa kufulia, kusafishia choo na kupigia deki, na kukifunga ni kumsukuma mtu kwenye boza la bei ya juu ambalo huenda linateka kisima cha aina hiyohiyo. Kiandikwe tu: si kwa maziwa ya mtoto, si kwa mjamzito. Kisha nyumba hizo ziwe za kwanza kuletewa bomba na njia ya majitaka, maana dawa ya kweli ya nitrati ni kuyaondoa makaro kando ya visima. Wenye nyumba mnaojenga sasa, ulizeni kisima cha jirani kiko wapi kabla fundi hajaanza kuchimba shimo. Na wenye mabomba ya zamani, hasa Mji wa Kale, asubuhi acheni maji yaliyolala yatoke kwanza, myatumie kusafishia, ndipo mjaze ya kunywa.

Wale mlioombwa mje na chupa ya maji ya kisima, naona wengi mmezileta. Mwenzangu amekaa pale kwenye meza ya dirishani na vijikaratasi vya kupimia nitrati. Mpeni chupa, mtajieni mtaa na umbali wa choo kilicho karibu zaidi kwa hatua, na kama kisima si chenu, mjulisheni mwenyewe leo kabla jua halijatua. Kila chupa itachukua dakika chache, na tutaandika matokeo mara mbili: nakala moja ya maafisa wa afya ya umma walioketi hapa mbele, ambao wamekubali kuzipokea, na nyingine ya kwenda nayo mkaibandike pale mnapoteka. Tuanze na kina mama wenye watoto wachanga.